Taa za trela kuwaka si ushahidi kwamba umeme wake ni mzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wasomaji walioko Marekani na Kanada, pamoja na ndugu zao wa nyumbani wanaochangishana fedha za ununuzi, kuhusu trela za kusafiria zilizokwisha tumika. Nazungumzia zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na pikapu, zenye kitanda, jiko, choo na friji. Wapo wanaozinunua kwa matembezi, na wapo wanaoishi humo kwa sababu kazi yao ni ya kuhamahama. Katika matangazo hukosi kuona maneno haya: "Bei poa, ilipata shoti kidogo, ni fyuzi tu." Mara nyingine ni kweli, ni fyuzi tu. Mara nyingine matengenezo yanakula nusu ya bei uliyolipa. Tofauti hiyo inapimika kwa mita ya dola 25 na saa mbili za subira, na ndiyo maana inauma mtu akitoa akiba ya miaka kwa kuangalia taa zinavyowaka.

Taa hizo ndizo mtego wa kwanza. Trela ina umeme wa aina mbili. Upo wa volti 12 unaotoka kwenye betri: huo unawasha taa, pampu ya maji, feni ya hita ya gesi, kengele ya gesi na bodi inayoongoza friji. Upo pia wa volti 120 unaoingia kutoka nje kwa waya mnene: huo ni wa kiyoyozi, maikrowevu, soketi za ukutani na koili ya hita ya maji, yaani chuma kinachotoa joto kwa umeme. Katikati hukaa konveta, kifaa kinachogeuza volti 120 kuwa 12 na kuchaji betri. Muuzaji akichaji betri nyumbani usiku kucha, asubuhi atakuwashia taa zote, atafungua bomba maji yatoke, feni itavuma, na konveta iwe imekufa zamani. Hivyo vyote vinaendeshwa na betri peke yake, na inaweza kuviendesha kwa saa nyingi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni chepesi. Kabla trela haijachomekwa popote, weka mita kwenye ncha za betri. Betri ya risasi na asidi iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Chomeka trela kwenye umeme wa nje, subiri dakika tano, pima tena pale pale. Konveta nzima itapandisha kipimo hadi kati ya 13.2 na 14.4. Kikibaki pale kilipokuwa na kuanza kushuka kadiri unavyowasha taa, betri haichajiwi.

Hapo ndipo neno "fyuzi tu" linapopata nafasi ya kuwa kweli. Karibu na konveta, kwenye ubao wa fyuzi za volti 12, kuna fyuzi mbili kubwa zaidi ya wenzake, kwa kawaida za ampea 30 au 40, zilizowekwa kwa ajili ya mtu atakayefunga betri kinyume. Kosa hilo ni la kawaida sana kwa sababu ya rangi. Katika trela nyingi za Kimarekani waya mweusi wa betri ni chanya na mweupe ni hasi, na aliyezoea magari huona mweusi akaupeleka hasi bila kufikiri. Cheche moja, fyuzi mbili zimekwenda. Kumtofautisha mgonjwa huyu na mfu, ondoa waya wa betri, chomeka trela, kisha pima kwenye skrubu za kutokea za konveta yenyewe. Konveta nyingi hutoa takriban volti 13.6 hata bila betri. Zikionekana kwenye skrubu lakini hazifiki mwisho wa waya unaokwenda kwenye betri, badilisha fyuzi mbili kwa ukubwa ule ule ulioandikwa, rudisha betri sawasawa, na mambo yakae. Ni dola chache. Zikiungua tena papo hapo, usiweke kubwa zaidi; kuna waya umeshikana mahali. Na skrubu zikiwa hazina kitu kabisa, hakikisha breka ya konveta, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, haijaanguka, kisha hesabu kwamba konveta imekufa na anza kujiuliza ni nini kilichoiua.

Jibu la swali hilo mara nyingi ni volti 240, na hapa naomba msomaji asome taratibu.

Trela nyingi za ukubwa wa kati zina plagi ya ampea 30 inayoitwa TT-30: visu viwili vilivyolala mshazari na pini moja ya athi, yaani ya waya wa ardhi. Visu hivyo ni laivu moja, inayoleta umeme, na nyutro moja, inayourudisha. Volti ni 120, na nguvu yote inayopita hapo haizidi wati 3,600. Sasa, katika nyumba za Kimarekani soketi ya ampea 30 ambayo kila fundi anaijua ni ya mashine ya kukaushia nguo, nayo ni ya volti 240, laivu mbili. Sura za soketi hizi zinakaribiana mno. Mwenye nyumba anamwita fundi, anamwambia, "Nifungie soketi ya ampea 30 pale uani kwa ajili ya trela." Fundi mzuri tu wa nyumba anafunga breka ya laivu mbili kama alivyozoea, anaweka soketi ya TT-30 kwa sababu ndiyo aliyoletewa, anaondoka na ujira wake. Trela inachomekwa. Breka kuu ya trela haikati, kwa maana breka huhesabu ampea, haina habari na volti.

Sekunde chache zinatosha. Vya kwanza kufa ni vile visivyolala: maikrowevu yenye saa, televisheni, konveta, na zile soketi za usalama za bafuni na jikoni zenye vitufe viwili. Kiyoyozi hunusurika kikiwa kimezimwa kwa swichi ya kugeuza; kikiwa kinafanya kazi, kapasita zake hupasuka na kompresa inaweza kufuata. Kwenye vifaa vya koili hesabu ni mbaya zaidi, kwani volti zikiwa mara mbili joto huwa mara nne. Hita ya maji ya wati 1,400 itataka 5,600, na koili ya friji ya wati 300 itataka 1,200. Isitoshe, waya ambao trela inauhesabu kuwa nyutro sasa una volti 120 dhidi ya ardhi na ndani ya trela hauna breka yoyote juu yake, hivyo hata kifaa ulichokizima bado kina umeme ndani.

Trela iliyopitia hayo huwezi kuijua kwa rangi ya nje. Anza na maikrowevu: ikiwa kioo cha saa ni cheusi, usikubali maelezo kwamba "haijawekwa tu". Chomeka taa ya mezani kwenye kila soketi, bonyeza kitufe cha majaribio na cha kurudisha kwenye soketi za usalama. Isiyokubali kurudi imeungua au inapata umeme mbovu. Fungua kifuniko cha konveta trela ikiwa imechomolewa kabisa, tia pua. Bodi iliyoungua ina harufu kali isiyotoka kwa miezi, na vile vidonge vya rangi mviringo vinavyokinga volti kubwa hupasuka na kuacha masizi. Hita ya maji ipimwe kwa omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya, baada ya kuzima umeme na kuchomoa waya mmoja wa koili: koili nzima ya wati 1,400 husoma karibu omu 10. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, koili imeungua, ingawa hapo 240 si mshukiwa pekee. Aliyeiwasha tangi likiwa halina maji huwa ameiunguza vilevile. Friji za trela zinazotumia gesi na umeme, koili ya wati 300 hivi husoma kati ya omu 40 na 50. Ukiwa nyuma ya friji hiyo, angalia kama kuna unga wa manjano kwenye mabomba au harufu ya amonia. Ukiuona, mfumo wa kupoza unavuja, na hilo halihusiani na umeme wala halina dawa ndogo.

Ukiona konveta mpya na maikrowevu mpya ndani ya trela ya miaka kumi, uliza. Si lazima iwe aibu. Muuzaji anayesema wazi, "Ilichomekwa kwenye 240, nikabadilisha hiki na hiki, risiti hizi hapa," ni wa kuaminika kuliko anayesema hajui.

Trela kubwa za ampea 50 zina ajali yao inayofanana. Plagi yake ina miguu minne: laivu mbili, nyutro na athi. Kati ya laivu hizo kuna volti 240, na kila moja ina 120 dhidi ya nyutro. Nyutro ikilegea au kuungua kwenye nguzo yenye soketi kambini, pande mbili za trela hujikuta zimeungana mkia kwa kichwa na kugawana 240 kwa kadiri ya mizigo, yaani vifaa vinavyovuta umeme kila upande. Upande wenye kiyoyozi unaweza kubaki na 50, wenye televisheni ukapata 190. Ndiyo maana unaweza kukuta nusu ya vifaa vimeungua na nusu ni vizima. Hiyo ni alama ya nyutro kukatika.

Kabla ya kuchomeka chochote, pima soketi yenyewe, hata kama muuzaji anaapa kwamba anaitumia kila siku. Kwa TT-30: laivu na nyutro iwe karibu 120, laivu na athi karibu 120, nyutro na athi sifuri au volti moja mbili. Ukiona 240 popote, au 120 kati ya nyutro na athi, usichomeke. Halafu geukia plagi ya trela ikiwa imelala chini haina umeme: weka mita kwenye omu, gusa kisu cha nyutro na pini ya athi. Ndani ya trela viwili hivyo havitakiwi kukutana. Vinaunganishwa kwenye chanzo cha umeme tu. Vikisoma vimeshikana, kuna waya uliolika, kifaa kinachovuja, au fundi aliyefunga trela kama nyumba. Vivyo hivyo laivu na athi.

Usitosheke na kuchomeka kwenye soketi ya kawaida ya ampea 15 kwa kutumia adapta. Hapo utaona taa na chaji ya betri, lakini kiyoyozi hutakijaribu inavyopaswa, na mabovu mengi hujitokeza chini ya mzigo. Omba trela ipelekwe kambini kwenye nguzo ya ampea 30, au ulipie usiku mmoja mwenyewe. Washa kiyoyozi kwa nusu saa. Cha BTU 13,500 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huvuta kati ya ampea 12 na 16 kikishatulia. Kikiwa kinafanya kazi, ongeza maikrowevu yenye glasi ya maji kwa dakika tatu. Pima volti kwenye soketi ya ndani wakati huo. Kama nje ni 120 na ndani zimeshuka chini ya 108, kuna kiungio kibovu njiani, na motor ya kiyoyozi hufa mapema kwa volti ndogo kama inavyokufa kwa kubwa. Shika waya mnene na plagi yake: uvuguvugu si neno, joto la kukufanya uachie mkono ni ugonjwa. Zima breka zote, chomoa, tazama visu. Rangi ya kahawia au plastiki iliyolegea kama nta ina maana kwamba kiungio kilikuwa kinaungua polepole. Angalia na upande wa pili, pale waya unapoingia ubavuni mwa trela, kwa sababu huko ndiko watu hawatazami.

Jambo moja naomba lisichukuliwe kirahisi, nalo ni mwili wa trela kuwa na umeme. Athi ikikatika, au mtu akivunja pini ya athi ili plagi iingie kwenye ekstensheni kuukuu, uvujaji wowote hubaki kwenye bati na fremu. Mtu akiwa viatu vikavu kwenye changarawe hasikii kitu. Mtoto akitoka kuoga, miguu mitupu juu ya majani mabichi, akashika kitasa cha mlango, anaweza kufa. Tumia kalamu ya kupimia umeme bila kugusa waya, ipitishe karibu na bati, ngazi na fremu. Ikilia, zima breka ya nguzo kwanza, kisha ndipo uchomoe. Kwa mita, weka ncha moja kwenye fremu iliyokwanguliwa rangi na nyingine kwenye athi ya nguzo. Zaidi ya volti mbili tatu si salama. Hata kama ni ganzi ndogo tu ya vidole, trela hiyo isilalwe mpaka chanzo kipatikane.

Mafuriko nayapitia kwa haraka, kwa sababu ushauri wangu ni mfupi: usinunue. Baada ya tufani Harvey hapa Texas mwaka 2017 na Ian kule Florida mwaka 2022, magari na trela zilizokaa ndani ya maji ziliuzwa kwenye minada na kusambaa hadi majimbo ambayo hayajawahi kuona bahari. Maji ya chumvi hupanda ndani ya waya, kati ya nyuzi za shaba na ganda lake. Ukimenya unakuta weusi au ukijani umbali wa futi kadhaa kutoka mahali palipolowa. Hakuna fyuzi ya kutibu hilo. Omba namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17, lakini usitegemee kumbukumbu ya taifa ya hati za magari iitwayo NMVTIS, kwa maana trela nyingi hazimo humo; soma hati ya umiliki neno kwa neno uone kama ina alama ya salveji, yaani bima ilishailipa kama kitu kilichokwisha. Kisha lala chini ya trela ubonyeze plastiki inayofunika tumbo lake. Ikining'inia kwa uzito, ina maji au viota vya panya, na panya nao hutafuna waya.

Kuhusu bei, muuzaji akikataa kuchomeka trela mbele yako, weka hesabu kana kwamba kila kifaa cha volti 120 kimekufa. Konveta ni takriban dola 150 hadi 300, maikrowevu hivyo hivyo, kiyoyozi cha juu ya paa dola 700 hadi 1,200 bila ufundi, friji ya gesi na umeme inaweza kupita 1,500. Fundi mara nyingi hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa. Toa jumla hiyo kwenye bei ya trela nzima ya aina ile ile, na kinachobaki ndicho cha kujadili. Ukishainunua, nunua na kifaa cha kulinda trela, kile kinachokaa kati ya nguzo na plagi na kukata chenyewe volti zikishuka karibu na 104 au kupita 132, nyutro ikipotea au laivu na nyutro zikibadilishana nafasi. Ni kati ya dola 250 na 400, na kingezuia ajali za 240 na za nyutro kukatika nilizozieleza hapo juu. Kile cha bei rahisi kinachokinga radi tu hakifanyi kazi hiyo.

Wapo wanaotaka kusafirisha trela hizi hadi Mombasa au Dar es Salaam. Hao wajue kwamba kuichomeka kwenye umeme wa nyumbani kwa adapta ya pini ni kurudia ajali ile ile ya 240. Tanzania ni volti 230, Kenya 240. Adapta hubadilisha umbo la miguu, haibadilishi volti. Transfoma ya kushusha hadi 120 yenye uwezo wa kVA 5 itasaidia soketi na hita, lakini umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde na ule wa Marekani ni 60, hivyo motor ya kiyoyozi itazunguka pungufu kwa moja ya sita na kupata joto. Njia bora ni kuuacha mfumo wa volti 12 kama ulivyo, kuweka chaja ya betri ya volti 230, kununua kiyoyozi cha huku nyumbani na kuiendesha friji kwa gesi. Fundi atakayeshika kazi hiyo aambiwe mapema kuhusu rangi. Katika waya za Kimarekani za volti 120, mweusi ndio laivu na mweupe ndio nyutro, ilhali mafundi wetu waliojifunza kwa rangi za zamani za Kiingereza, laivu nyekundu na nyutro nyeusi, watauona mweusi na kuuchukulia kuwa nyutro. Tena mlango wa trela hizo uko upande wa kulia. Kwa Kongo, Rwanda na Burundi si tatizo. Kwa Kenya, Tanzania na Uganda abiria atashuka kwenye magari yanayopita.

Mwisho, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Mnapopokea tangazo la trela iliyotumika, mtakeni muuzaji ajaze mambo matatu kabla hamjalichapisha: ni ya ampea 30 au 50, hati yake ni safi au ya salveji, na je, mnunuzi ataruhusiwa kuichomeka na kuipima kwa saa mbili. La tatu likijazwa "hapana", lichapisheni hivyo hivyo.

Wako,
Fundi umeme wa trela,
Houston, Texas